Ukurasa Uliokwenda kwa Redio Koli

Mimi siyo mtu wa kelele. Wanaosema Marsela ana kelele ni wale wale wanaonichokoza, halafu nikijibu wanakimbilia kwa Mratibu kusema nimewatukana. Lakini siku ile nilipiga kelele, sikatai. Kama ulikuwa Mpanda mwaka tisini na tisa, ukapita karibu na stesheni siku ya Ijumaa asubuhi, basi labda na wewe ulinisikia.

Nilikuwa mpiga chapa wa Kituo cha Mpanda cha chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam, chuo kinachofundisha watu huko huko waliko. Mwalimu anabaki na darasa lake Litapunga, nesi anabaki na wagonjwa wake, masomo yanawafuata kwa posta. Miaka kumi na minne nilichapa pale. Barua za Mratibu, mitihani, matangazo ya ubaoni, hata mahubiri ya mazishi ya baba yake Mratibu niliyachapa mimi. Na katika miaka yote hiyo kumi na minne hakuna mtu aliyewahi kunituma mafunzoni. Mafunzoni walikwenda wengine, wakarudi na mikoba mipya, mimi nikachapa ripoti zao.

Mwaka huo Chuo kikaamua kuwa na websaiti. Mratibu wetu, Bwana Evarist, alitusomea waraka asubuhi tukiwa wote watatu: yeye, mimi, na Mzee Apolinari wa masijala, yule anayetunza mafaili na barua zote zinazoingia na kutoka. Websaiti, alisema, ni kurasa zinazokaa ndani ya kompyuta, na mtu yeyote popote duniani mwenye kompyuta na simu anaweza kuzifungua akazisoma. Kila kituo kitakuwa na ukurasa wake, na kila ukurasa utakuwa na mhariri wake. Hakuna atakayegusa ukurasa wowote mpaka apate mafunzo, afaulu jaribio, apewe kibali kwa jina lake.

"Sasa kituo kitoe mtu mmoja," alisema Mratibu, akikunja waraka. "Nilikuwa nafikiria..."

"Mimi," nikasema.

"Marsela, hujajua hata nilichokuwa nafikiria."

"Ndiyo maana nimesema mapema, Mratibu."

Mzee Apolinari akaguna. Yeye alikuwa mzee wa Kifipa, shati limepigwa pasi mpaka kola inasimama yenyewe, ameanza kazi ya masijala kabla mimi sijaanza kutambaa. Akasema, "Mpeleke, Bwana Mratibu. Asipokwenda, hatutakuwa na amani hapa ofisini." Nilimshukuru, ingawa nilijua alikuwa ananisema.

Basi nikaenda Dar. Wiki mbili, Oktoba ile, watu kumi na wawili kutoka vituo kumi na viwili, na mimi nilikuwa mkubwa kuliko wote isipokuwa mmoja. Mwalimu wetu alikuwa kijana anaitwa Nashon, mwembamba, mkali, anayetembea na kalamu sikioni kama fundi seremala. Siku ya kwanza alinitazama akasema, "Mama, umewahi kushika kompyuta?" Nikamwambia, "Baba, nimeshika mashine ya chapa miaka kumi na minne. Hiyo yako ina herufi zingine?" Darasa zima likacheka. Dafrosa wa kituo cha Sumbawanga ndiye aliyecheka kuliko wote, na tangu siku hiyo tukawa tunakaa dawati moja, tunataniana kutwa nzima.

Jamani, niliyafurahia mafunzo yale! Sijui niseme nini mnielewe. Nilikuta kumbe nyuma ya kila ukurasa kuna maandishi mengine ambayo msomaji hayaoni. Ukitaka maneno yawe manene, unayafungulia kwa alama: herufi B ndani ya mabano yenye ncha. Ukimaliza unayafunga kwa alama ile ile, ila unatanguliza mkwaju, kile kimstari kilicholala upande. Usipofunga, unene haukomi, unateremka mpaka chini ya ukurasa. Ni kama zizi tu. Ukisahau mlango, usishangae ng'ombe wako kukutwa kwenye shamba la watu. Vijana wenye diploma zao walikuwa wanasahau kufunga kila saa. Mimi sikusahau hata mara moja, maana mpiga chapa aliyezoea stensili, ile karatasi ya nta ya kutolea nakala, anajua kwamba kosa moja ni karatasi nzima kutupwa.

Siku ya mwisho Nashon akatueleza jaribio. Kila mtu arudi kituoni kwake, atengeneze ukurasa wa kituo peke yake bila kusaidiwa, na ukurasa ufike Makao Makuu kabla ya saa kumi jioni, Ijumaa ya tarehe ishirini na sita Novemba. Kosa moja la kutofunga alama, hakuna kibali. Kuchelewa, hakuna kibali. Na kituo kitakachokosa mhariri, ukurasa wake utaandikwa na kituo jirani, na kompyuta yake itahamishiwa huko huko.

Jirani yetu nani? Sumbawanga. Nyie mnajua ilivyokuwa zamani zile. Mpanda ilikuwa wilaya tu ndani ya mkoa wa Rukwa, na kila kitu kilikuwa Sumbawanga. Ukitaka saini, Sumbawanga. Ukitaka mgao wa chochote, umeshaishia Sumbawanga. Sasa na ukurasa wetu ukaandikwe Sumbawanga? Na mimi nirudi kwenye stensili, mikono imejaa wino, wakati nimeshaonja kitu kitamu namna hii? Nilimwambia Dafrosa pale pale, "Shoga, nakupenda, lakini kompyuta yangu hutaiona." Akajibu, "Nimeshaitafutia meza."

Niliporudi nikaanza kazi. Kompyuta yetu ilikuwa inatumia jenereta la kituo, na mafuta ya jenereta yalikuwa ya masaa mawili kwa siku, basi. Kwa hiyo nilinunua daftari kubwa dukani Majengo, nikawa naandika ukurasa wote kwa kalamu nyumbani kwangu, alama zote, mstari kwa mstari, kila mstari na namba yake. Jenereta likiwaka nakuta kazi imeshaiva, ni kuchapa tu. Niliandika kituo kiko wapi, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka stesheni. Niliandika masomo tunayotoa, tarehe za mitihani, sanduku la posta. Nikaandika pia kwamba wanafunzi wanaotoka mbali, kama wa Kabungu, wanaruhusiwa kulala kituoni usiku wa kuamkia mtihani, maana mimi kwetu ni Kabungu na najua maana ya kuamkia baiskeli. Mistari arobaini na mitatu. Nikaikagua mara nane, nikaitia kwenye disketi, kile kibamba cha kubebea kazi ya kompyuta, nikaandika jina juu yake kwa mwandiko wangu mzuri.

Jumatatu ya wiki yenyewe nikampelekea Mzee Apolinari ile disketi aipeleke kwa treni ya Jumanne pamoja na vifurushi vya Chuo. "Mzee, hii ndiyo roho yangu," nikamwambia. Akaipokea kwa mikono miwili. "Mwanangu, toka nianze kazi sijapoteza hata karatasi moja." Na ni kweli, hajawahi. Nikaondoka naimba.

Sasa Ijumaa. Kila asubuhi saa tatu vituo vyote vilikuwa vinaitwa kwenye redio koli, maana simu zilikuwa za shida, na redio yetu ilikaa pale pale masijala, mezani karibu na dirisha. Makao Makuu wanaita kituo kimoja kimoja, mnatoa taarifa, mnasema ova, wanaendelea. Siku hiyo aliyekuwa anaita alikuwa Nashon mwenyewe, na nilipoisikia sauti yake nilitabasamu peke yangu.

"Mpanda, Mpanda, Makao Makuu anaita. Ova."

"Mpanda yuko hapa, habari za asubuhi Mwalimu. Ova."

"Mama Marsela, barua yenu imefika jana. Inasema kiambatanisho ni disketi moja. Disketi haimo kwenye bahasha. Mmeituma wapi? Ova."

Nikageuka. Mzee Apolinari alikuwa amekaa kwenye kiti chake, anachonga penseli, wala hana wasiwasi.

"Mzee. Disketi iko wapi?"

"Ipo."

"Ipo wapi?"

"Kwenye faili, mwanangu. Mahali pake."

Akainuka taratibu, akavuta jalada la Mawasiliano na Makao Makuu, akafungua. Mungu wangu! Disketi yangu ilikuwa imetobolewa matundu mawili, imepitishwa kamba ya faili, imelala vizuri kati ya barua ya Septemba na nakala ya barua ya Jumatatu. Juu yake, kwa kalamu nyekundu, ameandika folio ishirini na saba, namba yake ndani ya faili.

"Umeitoboa!"

"Panchi ilikataa," alisema, na nilisikia kabisa kwamba anajisifu. "Nikapasha msumari."

Hapo ndipo nilipopiga ile kelele. Mratibu alitoka mbio ofisini kwake na kikombe cha chai mkononi. Wanafunzi waliokuwa nje wanasubiri kupokea mazoezi yao wakaja mlangoni.

"Kwa nini? Mzee Apolinari, kwa nini umenifanyia hivi?"

"Ulileta moja," akasema. "Marsela, wewe ni mtu wa ofisi. Kila barua uliyonichapia miaka yote hii umeniletea mbili, moja iende, moja ibaki. Safari hii umeleta moja. Kitu kisicho na nakala hakitoki masijala. Kikipotea njiani tutasema nini? Kwa hiyo barua nimepeleka, kitu chenyewe nimetunza. Wakikihitaji watakiomba kwa maandishi."

Na kibaya zaidi, alikuwa anasema kweli. Mimi mwenyewe nilishawahi kumgombeza karani mmoja mpaka akalia kwa kuleta barua bila nakala. Furaha ilinipofusha. Nilikaa chini kwenye benchi nikashika kichwa.

"Maji yakimwagika hayazoleki," akasema Mratibu kwa upole. "Tuombe waongeze muda. Utanakili disketi nyingine, iende na treni ya kesho."

"Hawaongezi. Mratibu, hawaongezi! Kituo cha Lugufu walikwisha kataliwa juzi, wote tulisikia redioni."

Redio ikaunguruma. "Mpanda, nasubiri. Ova."

Sijui nguvu ilitoka wapi. Nadhani ni hasira. Niliposimama daftari langu lilikuwa kwapani, kama kawaida, nikaliona, na wazo likanijia zima zima. Nikashika kile kidude cha kuongelea.

"Mwalimu Nashon, nisomee kanuni ya nne ya jaribio. Ova."

"Ya nini? Ova."

"Nisomee tu, baba. Ova."

Nikasikia karatasi zinafunuliwa. "Kanuni ya nne. Ukurasa ufike Makao Makuu kabla ya saa kumi jioni. Ova."

"Umesoma neno disketi hapo? Ova."

"Hapana. Lakini ilikuwa inaeleweka..."

"Kwangu haikueleweka. Mimi nitauleta ukurasa kwa redio. Nitakusomea, wewe uchape. Alama kwa alama, herufi kwa herufi. Kila kilichomo nimekitengeneza mwenyewe, wewe ni vidole tu. Ova."

Kwenye redio vituo vyote vinasikia. Nikasikia mtu wa kituo kingine anacheka, mwingine anapiga mluzi.

"Mama Marsela, redio iko chumba cha chini na kompyuta iko ghorofa ya pili. Ova."

"Una mikono miwili, Mwalimu. Ishushe. Ova."

"Mistari mingapi? Ova."

"Arobaini na mitatu. Ova."

"Saa nane kamili. Nikikosea kusikia, siyo juu yangu. Ova."

"Hayo tutaona. Ova na mwisho."

Niliweka kile kidude mezani, na wanafunzi mlangoni wakapiga makofi. Mratibu alikuwa bado ameshika kikombe, chai imemwagikia viatu vyake na wala hajui. "Weee, Marsela!" alisema. Hilo tu.

Tatizo likabaki betri. Redio ilikuwa inatumia betri ya gari, na betri yetu ilikuwa imechoka, inatosha taarifa za dakika tano asubuhi halafu inaanza kukoroma. Kusoma mistari arobaini na mitatu ni saa nzima. Nikamwambia Mratibu, Mratibu akakuna kichwa. Aliyeondoka bila kusema neno ni Mzee Apolinari. Alichukua baiskeli yake, na saa saba na nusu akarudi anaisukuma, jasho linamtiririka mpaka ile kola imelala. Kwenye keria ya nyuma amefunga kwa mpira betri ya nyumbani kwake, ile anayosikilizia taarifa ya habari.

"Mke wangu amekataa," alisema akihema. "Nikamwambia ni ya serikali."

"Sisi siyo serikali, Mzee."

"Yeye hajui. Funga haraka."

Saa nane kamili Nashon akaita. Kabla sijaanza kusoma, sauti ya Dafrosa ikaingia. Kama kuna mtu ambaye angefaidika nikishindwa ni yeye.

"Vituo vyote, Sumbawanga anaongea. Naomba mnyamaze mpaka mwenzetu amalize. Atakayekohoa nitamfuata huko huko alipo. Mpanda, twende. Ova."

Nikaanza. "Mstari wa kwanza. Fungua H moja. Neno: Kituo cha Mpanda. Funga H moja. Ova."

"Nimepata. Ova."

"Mstari wa pili. Fungua P. Maneno: Kituo kipo mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka stesheni ya treni. Funga P. Ova."

"Nimepata. Ova."

Tulikwenda hivyo, H moja kwa kichwa cha habari, P kwa aya. Kufika mstari wa sita niliipata mbio yake, ile mbio ya kuchapa, na nikasahau kwamba kuna watu. Kidole cha kushoto kwenye daftari, cha kulia kwenye kitufe. Masijala ilikuwa imejaa. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa Litapunga amepanda juu ya stuli ili aone, ingawa sijui alitaka kuona nini, maana kilichokuwepo ni mwanamke na redio. Kila nikisema "funga", nasikia watu nyuma yangu wanarudia kwa kunong'ona, "funga." Mzee Apolinari alikuwa ameinamia betri, ameshikilia waya kwa mikono yote miwili usichomoke.

Mstari wa arobaini na tatu niliufunga saa tisa na dakika kumi na tano.

"Nimepata," alisema Nashon. "Sasa naufungua. Subiri. Ova."

Tulisubiri. Sijawahi kusubiri namna ile, hata nilipokuwa natarajia mtoto wangu wa kwanza. Redio inaunguruma tu.

"Mpanda. Ova."

"Mpanda hapa. Ova."

"Mama, pole. Ukurasa umefunguka, lakini kuanzia katikati maneno yote yamekuwa manene mpaka chini. Kuna alama haijafungwa. Unajua kanuni. Pole sana. Ova."

Machozi yalianza kunijia, na niliyachukia. Mratibu akaninong'oneza sikioni, "Omba radhi, Marsela. Mwambie ni bahati mbaya, umechoka, umeruka neno. Labda atakuonea huruma."

Nikatazama daftari. Niwaambie ukweli, nilitaka sana kuomba radhi. Saa tisa na nusu inakaribia, betri imeanza kukoroma, na mtu mwenye diploma Dar es Salaam anasema nimekosea. Mimi nani? Lakini ile saa nzima bado ilikuwa mdomoni mwangu, kila "funga" niliyoitamka.

"Mwalimu, unene unaanzia neno gani? Ova."

"Unaanzia 'Tarehe za mitihani'. Ova."

"Na unaishia wapi? Ova."

"Hauishii, mama. Ndiyo maana nakwambia. Ova."

"Basi huo ni mstari wa kumi na tisa. Nenda mwisho wa mstari wa kumi na tisa, uniambie unaona nini. Ova."

"Naona B. Ova."

"Kabla ya hiyo B, ndani ya mabano, kuna mkwaju? Ova."

Kimya.

"Mwalimu? Kuna mkwaju au hakuna? Ova."

"Hakuna. Ova."

"Mimi niliusema."

"Mama Marsela, mimi nimechapa nilichosikia..."

"Nilisema funga B! Sijaruka hata moja! Wewe ndiye uliyefungua mara mbili!" Nilisahau hata ova.

Redio ikapasuka kwa sauti. "Makao Makuu, Sumbawanga anaongea. Mimi nilikuwa naandika pamoja nanyi, kwa kalamu. Ninayo hapa. Mstari wa kumi na tisa, Mpanda amesema funga B. Ova."

Kabla Nashon hajajibu ikaingia sauti nyingine. "Na Kigoma amesikia. Funga B. Ova."

"Nzega pia. Ova."

"Singida, ndiyo, amefunga. Ova."

Vituo vikaja kimoja kimoja, hata vile ambavyo asubuhi huwa havipatikani. Kumbe nchi nzima walikuwa wamekaa saa nzima wananisikiliza, na kalamu mkononi. Mzee Apolinari aliinua kichwa kutoka kwenye betri, mdomo wazi.

Kisha Nashon akarudi, na sauti yake ilikuwa ya chini. "Vituo vyote. Mpanda yuko sahihi. Kosa ni langu mimi niliyechapa. Naweka mkwaju." Tukasikia kitufe kimoja kinabonyezwa, tak. "Naufungua tena. Subiri."

Safari hii hakukawia.

"Umekaa sawa. Umekaa sawa kabisa, mama. Ova."

Mwalimu wa Litapunga akaanguka kutoka kwenye stuli. Watu walikuwa wanarukaruka, mtu amemkumbatia Mratibu, mtu amepiga kigelegele nje. Nikawanyamazisha wote kwa mkono. Kulikuwa na kitu nilikitaka, na betri haitangoja.

"Mwalimu, huku hatuna njia ya kuuona. Nisomee. Nataka kuujua ulivyo. Ova."

Akanisomea. Alianza juu kabisa, polepole, akiniambia lipi limekaa katikati, lipi ni nene, mstari upi una rangi. Kituo cha Mpanda, kubwa, juu. Mwendo wa dakika kumi kutoka stesheni. Masomo. Tarehe za mitihani, nene, na chini yake maandishi ya kawaida, yametulia. Wanafunzi wanaotoka mbali wanaruhusiwa kulala kituoni. Sanduku la posta. Nilikuwa nafuata kwa kidole kwenye daftari. Tukafika mstari wa arobaini na tatu.

"Na wa mwisho," akasema. "Ukurasa huu unahaririwa na Marsela Kasansa, mhariri mwenye kibali cha Chuo. Ova."

Kidole changu hakikuwa na pa kwenda. Daftari lilikuwa limeisha.

"Mwalimu, huo mstari sikukusomea. Ova."

"Najua, mama. Huo nimeandika mimi. Ova."

Nilibonyeza kitufe nimjibu. Nikabaki nimekibonyeza hivyo hivyo, na vituo kumi na kimoja pamoja na Makao Makuu wakanisikiliza nikilia mpaka betri ilipokata.